Boksi la nikeli, la peni, la daimu au la hafu dola: uombe lipi benki kama unawinda sarafu za zamani Marekani?

Wadau wa huku Marekani mnaotaka kuanza huu mchezo wa kuchambua sarafu za benki, lenzi na albamu mtanunua baadaye, kwanza amueni boksi gani la kuomba dirishani. Maana ukiwa na akaunti, benki nyingi zinakupa boksi zima la sarafu kwa thamani yake ile ile, unaenda nalo nyumbani, unachambua, unachomoa unazozitaka, zilizobaki unazirudisha zinaingia kwenye akaunti. Hela yako iko pale pale, unachotumia ni muda, mafuta ya gari na mgongo kidogo. Jibu langu nalitoa mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nalo: kama unataka sarafu zenye historia, chukua nikeli. Kama unataka silva (madini ya fedha) basi, hutaki kingine, chukua daimu na ujiandae kununa.

Kwanza ujue unabeba nini. Boksi la nikeli, yaani zile senti tano, ni dola 100, ndani roli 50, kila roli sarafu 40, jumla 2,000, na kwa kuwa kila moja ni gramu 5 basi ni kilo 10 kamili kabla ya kadibodi. La peni, senti moja, ni dola 25 tu, sarafu 2,500, uzito kama kilo 6 hadi 8 kutegemea za shaba ziko ngapi humo. La daimu, senti kumi, ni dola 250, nazo 2,500, lakini jepesi halifiki hata kilo 6. La hafu dola, senti hamsini, ni dola 500, sarafu 1,000, kilo 11 na ushee. Kota, senti 25, nazo boksi ni dola 500, sarafu 2,000, ila kota leo sizigusi sana, mwenye hamu nazo atafute zile zenye kaherufi W za 2019 na 2020, zilitengenezwa West Point milioni 2 tu kwa kila picha, na picha zilikuwa 10, basi.

Sasa kwa nini nikeli. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo maana ndio kiini cha mambo. Mpaka 1964 daimu, kota na hafu za Marekani zilikuwa silva asilimia 90. 1965 serikali ikabadilisha, daimu na kota ikaziweka shaba ndani na ganda la shaba na nikeli juu, hafu ikaipunguzia silva, na watu sio wajinga, wakaanza kuzifagia zile za silva, baba anaweka, mjukuu anaweka, mfanyakazi wa benki anachomoa, zikaisha mzungukoni haraka sana. Tangu hapo kila aliyeshika daimu au hafu alikuwa na sababu ya kuikagua. Nikeli haikupitia hayo. Mchanganyiko wake ni shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25 tangu 1866, uzito ule ule gramu 5, kwa hiyo nikeli ya 1946 na ya 2019 ukizipima ni kitu kimoja, mashine ya soda inazipokea zote, keshia hazitazami, na mtu wa kawaida hana sababu ya kuificha moja akaacha nyingine. Matokeo yake za zamani zimebaki humo humo zinazunguka na wewe leo unaweza kupewa chenji ya 1940 dukani ukaitia mfukoni bila kujua. Daimu ya 1940 hiyo sahau, mtu alishaiondoa kabla hatujazaliwa.

Kuna kipindi kimoja tu nikeli ilibadilishwa, wakati wa vita. Nikeli kama metali ilihitajika jeshini, basi kuanzia Oktoba 1942 hadi mwisho wa 1945 wakatengeneza senti tano za shaba asilimia 56, silva asilimia 35 na manganizi asilimia 9. Na ili baadaye waweze kuzitambua waziondoe wakaweka herufi kubwa ya kiwanda juu ya lile jengo la Monticello (nyumba ya Rais Jefferson) upande wa nyuma, P ya Philadelphia au D ya Denver au S ya San Francisco, kubwa kabisa, huwezi kuikosa. Hiyo P ndio mara ya kwanza kiwanda cha Philadelphia kuweka herufi yake kwenye sarafu ya Marekani, kabla ya hapo kilikuwa hakiweki kabisa. Seti nzima ya nikeli za vita ni 11: P na S za 1942, halafu P, D, S za 1943, 1944 na 1945. Angalia vizuri 1942, maana mwaka huo kuna za kawaida na kuna za silva, yenye D ni ya kawaida, yenye P au S kubwa juu ya jengo ndio silva. Rangi nayo inasaidia, zikichakaa zinakuwa za kijivu cheusi cheusi kama chafu hivi, ukishaizoea jicho linaiona kwenye rundo kabla hata hujaigeuza.

Watu wanazidharau hizi kwa sababu ya hiyo asilimia 35 lakini ebu piga hesabu: nikeli ya vita ina wakia 0.056 ya silva, daimu ya silva ina wakia 0.072. Tofauti sio kubwa hivyo! Nikeli za vita kama 18 ni wakia nzima. Ukweli mwingine ni kwamba wanunuzi wa silva wanakupa kidogo kwa hizi kuliko daimu ukilinganisha gramu kwa gramu, kwa sababu ule mchanganyiko wenye manganizi ni usumbufu kuusafisha, kwa hiyo usitegemee kulipwa hesabu yote. Ila upatikanaji wake ndio unaonifanya niseme nikeli. Kwenye boksi la nikeli unaweza kukosa kabisa, boksi jingine zikaja mbili tatu. Daimu za silva nazo ni hivyo hivyo kwenye karatasi, lakini kule ukikosa umekosa kila kitu, hakuna cha kukufariji.

Kwenye nikeli kuna vya kukufariji kibao. Nikeli yenye sura ya Jefferson ilianza 1938, aliyeichora ni Felix Schlag, na ukichambua boksi la kawaida utakutana na za miaka ya 40 na 50 bila shida, hizo za kuanzia folda la bluu la kadibodi la kupangia sarafu, unajaza tundu moja moja. Ngumu ni zile zilizotengenezwa chache: 1938-D milioni 5 na kitu, 1938-S milioni 4 na kitu, 1939-D milioni 3 na nusu hivi, na mfalme wao 1950-D ambayo ni 2,630,030 tu, hakuna Jefferson ya kawaida iliyotengenezwa chache kuliko hiyo. Ila usichanganyikiwe na bei, 1950-D watu walijua mapema ni chache wakazificha mpya mpya kwa wingi, kwa hiyo sokoni zipo za kumetameta na sio ghali vile ungedhani, ugumu ni kuikuta kwenye roli ya benki. Ukiikuta, piga picha kwanza.

Na sio za zamani tu. 2009 uchumi ulikuwa umeanguka, mabenki hayakuagiza sarafu, Philadelphia ikatengeneza nikeli milioni 39.84 na Denver milioni 46.8, wakati mwaka wa kawaida ni mamia ya milioni kwa kila kiwanda. Kwa hiyo nikeli ya 2009 ni ya kuweka pembeni hata kama leo haikutajirishi, na kwa kweli mimi kuikuta hiyo kunanifurahisha kuliko kukuta ya 1957. Halafu kuna zile za 2004 na 2005 za kukumbuka safari ya wavumbuzi Lewis na Clark, mwaka wa kwanza ule mkono unaoshikana na ile mashua, mwaka wa pili nyati na bahari, watoto wanazipenda sana hizo kwa sababu ya picha, na ukiwa na mtoto mezani mpe kazi ya kutafuta nyati, atatulia.

Nyati yenyewe ya zamani, ya James Earle Fraser, ilitoka 1913 hadi 1938, upande mmoja kichwa cha Mhindi Mwekundu na upande mwingine nyati. Inatokea kwenye maboksi lakini si mara nyingi, na ikitokea mara nyingi haina mwaka, kwa sababu mwaka uliwekwa sehemu iliyoinuka ukasagika kwanza. Kuna dawa ya asidi watu wanadondoshea mwaka ukaonekana tena kama kivuli, inafanya kazi, lakini sarafu inabaki na doa na thamani inashuka, mimi naziacha hivyo hivyo. Nyuma zaidi ya hapo kuna za V, yaani zenye V kubwa (tano ya Kirumi) upande wa nyuma, 1883 hadi 1912, ukipata hiyo kwenye boksi la benki basi siku yako ni njema sana. Ile ya V ya 1913 zinajulikana 5 tu duniani, usijisumbue nayo.

Mgeni mwingine utakayemkuta ni Mkanada. Senti tano za Kanada zinalingana karibu kabisa kwa ukubwa, mashine za kufunga roli zinazipitisha, na za kati ya 1955 na 1981 ni nikeli safi kabisa zinashikwa na sumaku. Ya Marekani haishikwi. Kwa hiyo kasumaku kadogo mezani ni kitu kizuri, na ukiona sarafu imeng'ang'ania jua sio ya kwetu hapa. Ukiishi karibu na mpaka, Minnesota au Maine ambako ndugu zetu wengi wako, hizi utaziona mpaka utachoka.

Kuhusu makosa ya kiwandani, zile zenye mwaka uliogongwa juu ya mwaka mwingine kama 1943 juu ya 1942 ya P, au 1954-S ambayo S imegongwa juu ya D, au 1939 ambayo jina Monticello linaonekana limejirudia, hizo zipo kwenye nikeli na zina wapenzi wake, lakini zinahitaji lenzi ya mara 10 na uvumilivu ambao mgeni hana. Ziweke daraja la pili.

Sasa wengine.

Peni. Faida yake iko wazi, dola 25 umeingia mchezoni, kwa hiyo mwanafunzi anaweza. Utapata zile za ngano za 1909 hadi 1958, na za shaba asilimia 95 za kabla ya 1982, na 1982 yenyewe imechanganyika, za shaba zina gramu 3.11 na za zinki gramu 2.5 hivyo mizani ndogo inakuambia. Mwanzoni ukipata ngano nyingi utashangilia, lakini ngano ya kawaida iliyochakaa ni senti chache tu, na sarafu 2,500 za kugeuza moja moja kwa ajili ya hizo ni kazi. Halafu ni chafu, bana, zinki ikiliwa inatoa unga mweupe na vipele, mikono inanuka. Tatizo jipya ni kwamba Novemba 2025 serikali imegonga peni ya mwisho ya kuingia mzungukoni, na maboksi ya peni yameanza kuwa shida kupata, matawi mengine wanakuambia hawana au wanampa mfanyabiashara kwanza. Kwa hiyo kama roho yako iko kwenye peni wahi sasa, ila kujenga mazoea ya kila wiki juu ya kitu ambacho kimeacha kutengenezwa, sishauri.

Daimu. Hapa ndio kuna kasi. Huhitaji kusoma mwaka, unamwaga roli unatazama ukingo tu, ya kawaida ina mstari wa rangi ya shaba katikati na ya silva ni nyeupe tupu, sarafu 2,500 unazimaliza upesi kuliko boksi lolote hapa. Anayefanya kazi mbili na ana saa moja tu kabla ya kulala, daimu ndio zake. Ila mtaji ni dola 250, na nje ya silva hakuna kingine cha maana, daimu za sura ya Roosevelt tangu 1965 zinafanana fanana tu, ile daimu ya Mercury ya 1916 hadi 1945 ni nzuri sana kwa sura lakini ni ya silva kwa hiyo imefagiwa na wote. Boksi linapita bila kitu, la pili linapita bila kitu, na hujajaza hata tundu moja la albamu. Wengi huacha mchezo hapo.

Hafu dola ndio bahati nasibu. Ukipata, unapata kweli, hafu moja ya 1964 au kabla ina wakia 0.36 ya silva, na za 1965 hadi 1970 zina asilimia 40 ambayo ni kama wakia 0.148, yaani hata hiyo ya asilimia 40 inashinda daimu mbili za silva. Na watu wengi hawajui kuhusu hiyo asilimia 40 kwa hiyo zilibaki nyingi zaidi. Lakini dola 500 zimekaa ndani ya boksi, benki nyingi hawaziweki mpaka uagize, keshia anakutazama, na wawindaji wengine wote wa mji wako wanaziagiza hizo hizo, mara nyingi unachambua masalia ya mwenzako na yeye anachambua yako. Kinachonipendeza kwenye hafu ni kwamba 2002 hadi 2020 zilitengenezwa kwa wakusanyaji tu, hazikutolewa kwa mabenki, kwa hiyo ukiikuta ya miaka hiyo ujue kuna mtu alivunja mkusanyo wake akazitumia kama hela. Mwenye mtaji na subira ajaribu, mwenye kodi ya nyumba mwisho wa mwezi asiguse.

Turudi kwenye nikeli maana kuna uchaguzi mwingine ndani yake: boksi lililofungwa na mashine dhidi ya roli zilizofungwa kwa mkono na wateja. Boksi la mashine linatoka kwa kampuni za kusafirisha hela, limechanganywa kutoka kila mahali, linakupa wastani. Roli za wateja zinatoka kwenye chupa ya mtu, na hapo ndio kuna maajabu, mzee amefariki, watoto wamefunga sarafu zake wakapeleka benki bila kuziangalia, zote za miaka ya 40. Ila pia inaweza kuwa masalia ya mwindaji mwenzio, au roli pungufu sarafu moja na hakuna wa kumlaumu. Mimi nikikuta roli za mkono dirishani nachukua zote hata kama ni tano, halafu naagiza na boksi. Na ukipewa boksi, kabla ya kuondoka chungulia ncha za roli, kama zote zinang'aa na ni mwaka mmoja, hilo ni boksi jipya kutoka kiwandani, halina cha kale, waombe wakubadilishie kwa upole.

Unakoishi nako kunaamua. Sarafu za Philadelphia zinasambazwa zaidi mashariki na za Denver magharibi, kwa hiyo aliyeko Columbus anajaza P haraka anahangaika na D, aliyeko Seattle kinyume chake, na S za miaka ya 40 zilitoka San Francisco, watu wa mashariki wanazililia. Mkiwa na ndugu upande wa pili badilishaneni zile za ziada. Kumbuka tu herufi iko wapi: mpaka 1964 iko nyuma pembeni ya jengo (za vita juu yake), 1965 hadi 1967 hakuna herufi kabisa, 1968 kuendelea iko mbele karibu na mwaka.

Ukishapata, usioshe. Najua mkono unawasha, na kwetu pwani sinia la shaba tunalisugua kwa ndimu au ukwaju likang'aa kama jipya, lakini sarafu ukiisugua hivyo mnunuzi anaiona hapo hapo na bei inaanguka. Iache na uchafu wake.

Kurudisha nako kuna adabu yake. Usirudishe tawi lile lile ulilochukulia, kwanza wanakasirika, pili utajichambulia sarafu zako mwenyewe wiki ijayo. Tafuta tawi lenye mashine ya kuhesabia ya bure kwa wateja. Zile mashine za supamaketi zinakata zaidi ya asilimia 10, hapo umeshapata hasara kwenye mchezo ambao ulitakiwa usiwe na hasara. Nikeli hapa ina afueni, dola 100 ni kilo 10, hata mama mjamzito anaweza kuomba msaada wa mtu mmoja tu, hafu ukizidisha maboksi unaanza kutafuta kitoroli.

Mwisho kuna wanaowaza kujaza begi la nikeli wapeleke nyumbani Dar au Mombasa, ama kuziyeyusha wauze shaba, maana mwaka wa fedha 2024 nikeli moja iligharimu serikali senti 13.78 kuitengeneza na watu wakadhani humo ndani kuna dhahabu. Tangu Desemba 2006 kuyeyusha peni na nikeli ni kosa, faini hadi dola 10,000 au jela hadi miaka 5, na kusafiri nazo ruksa ni dola 5 tu kwenye mzigo wako, au hadi dola 25 kama inaonekana wazi ni za kukusanya au kujifurahisha. Zile za vita zenye silva zimeachwa nje ya katazo hilo. Kwa hiyo mpwa wako anayekusanya sarafu kule, mbebee za vita, nyati na moja ya 2009, na yeye mwambie akutafutie ile shilingi ya mkoloni yenye simba, ya kabla ya 1947 ina silva robo, benki za kule hazinazo tena, aulize kwa wazee na kwa wauza vitu vya kale.